Mjukuu Wetu Hataitwa Jina la Mlowezi

Kwako mkwe, uliyeiacha simu yako ilie mpaka ikanyamaza,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotafuta mababu zao ni kuanzia kwa babu. Humchagua kwanza, aliye mkubwa, mwenye ardhi na jina la kupendeza, kisha huteremka naye polepole mpaka wajikute wamekaa mapajani pake. Wewe ulilifanya kosa hilo kwa miaka, kwa sauti kubwa, mbele ya chakula cha watu. Kwa sababu yake, leo hapa Great Barr, Birmingham, kuna mvulana wa wiki tano ambaye kila mtu anamwita "Mtoto", hata nesi anayekuja kumpima uzito.

Sikuanza na neno "mpendwa". Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na sipendi kuandika jambo nisiloweza kulithibitisha.

Barua hii naiandika wazi, katika jarida la watu wetu wa Birmingham, kwa kuwa ile niliyokuandikia faraghani uliisoma ukanyamaza. Huko Virginia ulikohamia kwa dada yako, najua yuko mtu wa mtaa wako wa zamani, Sparkhill, au wa Kitale atakayekutumia hii kabla wino haujakauka. Kiswahili hakitakushinda. Ulizaliwa Kitale kwenye shamba la mahindi la baba yako Mmarekani, ukakinyonya Kiswahili kutoka kwa yaya kabla hujajua Kiingereza, na miaka yote ulipenda kutuonyesha jinsi unavyokijua. Basi kitumie leo kusoma.

Ukwe una adabu zake. Ndiyo maana tangu mwanao Danieli amwoe binti yangu Wanjiru nimekuita "Mkwe" au "Baba Danieli", sijawahi kulitamka jina lako, hata siku nilizotamani kukuita mengine mengi. Leo nitashika adabu hiyo hadi mwisho wa barua, halafu nitaiweka chini.

Nakumbuka zile Jumapili za nyumbani kwako, kwenye ile nyumba yako iliyoshikana ukuta na za majirani, hatua chache kutoka Stratford Road. Mabasi yakipita, vikombe vilitetemeka kabatini. Ulikuwa umestaafu kazi ya ufundi wa mashine kule Tyseley, mkeo alikuwa ametangulia, na ulikuwa na mikono isiyojua kupumzika. Ulitulisha mbuzi, ukatumiminia chai ya maziwa, na kila mara kabla hatujaimaliza uligeukia ukutani. Pale ndipo ulipomtundika Hezekia.

Haikuwa picha yake. Ilikuwa nakala ya hati ya ardhi ndani ya fremu ya dhahabu: mfalme wa Uingereza akimgawia Hezekia fulani, mwenye jina la ukoo kama lenu, kipande kikubwa cha nchi kando ya mto huko Virginia, Marekani ikiwa bado koloni lake. Jina la ukoo silitaji hapa. Mtoto hajamkosea mtu. Ulituhadithia jinsi Hezekia alivyovuka bahari, alivyofyeka msitu, alivyopima ardhi yake kwa minyororo kutoka mti hadi mti. "Mlowezi wa kwanza," ulisema, na ulilitamka neno hilo kama mtu anavyolitaja jina la mtakatifu.

"Na ninyi, Baba Wanjiru," ulimuuliza mume wangu siku moja, "ukoo wenu mnaweza kuufuata mpaka wapi?"

"Mpaka jikoni," Kariuki alikujibu. "Nenda ukageuze nyama, inaungua."

Alikupenda, yule. Tukirudi nyumbani kwa basi nilikuwa nikilalamika njia nzima, naye akitazama nje dirishani. "Mvumilie," alikuwa akisema. "Anaongea hivyo kwa sababu hajiamini." Nilimwambia kwamba mimi nimefundisha wanafunzi wengi wasiojiamini, na hakuna hata mmoja aliyetundika hati ya ardhi darasani.

Nikueleze tena kwa nini neno lile lilinichoma, ingawa nilishakueleza. Mimi nililelewa kwenye shamba la mlowezi, karibu na Molo. Baba yangu alikuwa skwota: alimfanyia kazi mwenye shamba, naye akaruhusiwa kulima ukanda mdogo kando ya kijito. Alizaliwa hapo, akaoa hapo, akazika watoto wawili hapo. Shamba lilipouzwa, tuliambiwa tuondoke, mahindi yetu yakiwa bado mabichi. Baba aliuliza aende wapi. Aliulizwa yeye hati yake iko wapi. Nilikusimulia hayo sebuleni kwako, chini ya fremu yako, nawe ukakoroga chai ukasema, "Nyakati zilikuwa hivyo." Tangu siku ile nilikula mbuzi wako kwa sababu ya Wanjiru tu.

Aliyekujibu vizuri ni Mama Hodan, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, yule Msomali aliyekulia Garissa na mwenye duka la vitambaa pale barabarani. Ilikuwa siku ya Idi, alikuletea sambusa, ukamshika hapo hapo mlangoni na hadithi ya Hezekia.

"Mzee," akasema, "huyu Hezekia nimemsikia mpaka nikamzoea. Lakini mtoto wake simjui bado."

"Alikuwa na watoto wengi."

"Wengi si jina la mtu."

Ukacheka. Akaweka sahani chini, akamwita binti yake aliyekuwa anachezea simu kwenye ngazi, akaanza kuhesabu kwa vidole: jina la binti, jina la baba yake, la babu yake, la baba wa babu yake, akapanda hivyo bila kukwama mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine akaendelea.

Nikamuuliza kwa nini ameanza na mtoto.

"Sasa nianze na nani, mwalimu?" akasema. "Huyu ndiye nina hakika naye. Nilimzaa mimi."

"Hayo ni mambo ya mdomo, Mama Hodan," ulisema. "Sisi kwetu tuna karatasi."

"Haya," akasema, akichukua sahani yake. "Karatasi ikuzalie basi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe hukucheka. Ila neno lake lilibaki kichwani mwangu, na mwaka jana, Wanjiru alipotuambia ana mimba, nawe ukasema kwenye simu kutoka Virginia kwamba akiwa mvulana ataitwa Hezekia, nililitoa neno hilo nikaanza kulifanyia kazi.

Sasa niwaambie wasiojua utaratibu wetu, maana wewe unaujua; nilikuchorea. Kwetu Wakikuyu majina hayatafutwi, yanarudi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Wa pili, la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Na si jina tu. Anayepewa jina anapewa na nafasi. Wanjiru ana jina la mama yake Kariuki, na Kariuki alimwita "mama" tangu akiwa wa kunyonya. Alipomkemea alimkemea kwa heshima, na alipougua alitaka "mama" amlishe uji. Mvulana mwenye jina la babu, baba yake humwita "baba". Mvulana mwenye jina la Kariuki, mimi ningemwita "mume wangu", nimtanie anapolia kwamba hata zamani hakuwa na subira.

Basi fikiria ulichokuwa ukituomba. Ulitaka Danieli amwite mwanawe kwa nafasi ya mtu aliyegawiwa nchi ya wengine na mfalme. Ulitaka mimi nimwogeshe Hezekia, nimbebe Hezekia mgongoni, nimpe Hezekia wimbo wa kulala aliouimba mama yangu siku tulipofukuzwa Molo.

Kuzaliwa kwake hakukuwa rahisi. Binti yangu ana miaka arobaini na kitu, alikuwa amepoteza mimba kabla ya hii, na daktari alimwambia waziwazi asitegemee nyingine. Ulijua. Ulipanda ndege ukaja, ukaingia sebuleni kwao Great Barr na begi la safari bado begani. Ulimpokea mtoto vizuri, nakubali, kichwa chake chote kiganjani mwako. Kisha ukasema, "Karibu nyumbani, Hezekia."

Wanjiru alimtazama Danieli. Danieli alilitazama zulia.

"Baba," Wanjiru akasema, "bado hatujaamua."

"Tuliamua kwa simu."

"Uliamua wewe," nikasema. "Wao walikuwa wanasikiliza."

"Mkwe, haya ni mambo ya ukoo wetu."

"Huyu amekaa tumboni mwa ukoo wangu miezi tisa. Ngoja nikueleze utaratibu."

"Usianze kunifundisha."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Mum, please," Wanjiru alisema, lakini nilikuwa nimesimama tayari.

Nilikueleza kwamba jina la mtoto huyu halina mjadala. Yeye ni mvulana wa kwanza. Jina ni lako. Lako wewe, babu yake mzaa baba, na unaliona linakwenda kwa mtoto ungali hai, heshima ambayo mume wangu hakuipata. Nilidhani hapo utanyamaza. Ukasema jambo ambalo sijalisahau.

"Jina langu ni la fundi wa mashine wa Tyseley," ulisema. "Nani atajivunia hilo? Mpeni mtoto kitu."

Danieli aliinua uso. Sidhani alikuwa amewahi kukusikia ukisema hivyo. Ukamrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, ukachukua begi, na pale mlangoni ukasema kwamba akiitwa jina lingine lolote, wewe si babu yake. Ukaondoka. Barabara ya M6 ilikuwa inanguruma kule nyuma kama kawaida.

Danieli hawezi kwenda kinyume nawe. Mwanao huyo anakielewa Kiswahili chote tunachosema na anajibu kwa Kiingereza cha Birmingham, na siku zile alijibu kidogo sana. Wiki ya pili alinifuata jikoni. Alisema amechoka, kwamba tumwite mtoto Kariuki, jina la mtu aliyekufa halimuudhi yeyote. Alisema kwa wema. Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yake, na niliona machoni pake kwamba wamekwisha kulizungumza.

Unajua jinsi nilivyotamani? Hapatakuwa na mvulana wa pili. Kama Kariuki harudi kwa huyu, harudi. Nilimtazama yule mtoto akinyonya ngumi yake, na jina lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Mume wangu. Karibu, mume wangu, umekawia.

Nikakataa. Nilimwambia Danieli kwamba Kariuki alisubiri zamu yake maisha yake yote, hakuwahi kumruka mtu kwenye foleni, na hataanzia kaburini. Nafasi ile si yake. Ni ya mtu aliye hai anayejifanya hayupo. Kisha nikaingia chumbani nikalia, na machozi hayo nayaandika kwenye deni lako.

Sasa tuje kwa Hezekia.

Niseme wazi kwamba nilimtafuta kwa nia mbaya. Nilitaka kumpata, nimwangushe, nikuletee mifupa yake. Nilipanda basi kwenda maktaba kubwa ya jijini, ambako kumbukumbu za Marekani zinasomeka kwenye kompyuta, nikafanya alivyofanya Mama Hodan. Nilianza na mtoto.

Mtoto ni wa Danieli, aliyezaliwa Birmingham. Danieli ni wako, uliyezaliwa Kitale. Wewe ni wa baba yako, aliyeondoka kwenye shamba la Illinois kuja kutafuta shamba la bei nafuu Kenya. Baba yako ana baba, na huyo ana baba, na baba wa huyo, kweli kabisa, ni Hezekia, mkulima wa Ohio. Mpaka hapo karatasi zinashikana mikono. Jina hilo lipo katika ukoo wenu, na hapo sikulaumu. Lakini wewe ulipolikuta jina Ohio ulirukia Virginia, ukamchukua Hezekia wa kwenye fremu, ukasema huyu ni mjukuu wa yule. Kwa ushahidi gani? Jina. Ningempa sifuri mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa hilo. Jina moja halimfanyi mtu mmoja, kama ambavyo kila Kamau si mwana wa kila Njoroge.

Wamarekani huhesabu watu wao kila baada ya miaka kumi. Sensa zao za kale zilimwandika kwa jina mwenye nyumba peke yake. Waliobaki walikuwa tarakimu tu kwenye safu, wanaume wa umri huu, wanawake wa umri ule. Baadaye wakaanza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake, umri wake, na jimbo alikozaliwa. Baadaye zaidi wakauliza hata wazazi wake walizaliwa wapi. Mkulima wa Ohio alihesabiwa tena na tena mpaka uzeeni, na kila mara alisema alizaliwa Pennsylvania. Alipoulizwa kuhusu baba yake akasema Pennsylvania. Mama yake, Ireland. Virginia haimo hata mara moja.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wewe ungesema mtu huweza kukosea, kwa hiyo nilimgeukia yule wa kwenye fremu nikamfuata kwa ardhi yake, maana ardhi haifi na mwenyewe. Mtu akifa, lazima mtu mwingine aiuze au airithi, na anayeuza hueleza ameipataje. Shamba la kando ya mto liliuzwa na wana wa ndugu yake. Wameandika pale kwamba wanaliuza wakiwa warithi wa ami yao Hezekia, aliyefariki bila kuacha mtoto.

Bila kuacha mtoto, mkwe. Yule uliyemtundika ukutani kwa fremu ya dhahabu si babu yako. Si babu wa mtu yeyote.

Na kabla hujaanza kumlilia, nikwambie na kilichokuwa nyumbani mwake. Katika sensa zile za kale ana watu wengi chini ya jina lake. Wazungu wa nyumba ile ni wawili, yeye na mkewe. Waliobaki wako kwenye safu ya watumwa, tarakimu bila jina hata moja. Wale ndio waliofyeka ule msitu ambao wewe ulikuwa ukituhadithia habari zake tukinywa chai. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiitazama ile safu. Nilifikiri jinsi ulivyomuuliza mume wangu anaweza kuufuata ukoo wake mpaka wapi.

Hezekia wako wa kweli, yule wa Ohio, nilimtafuta kwenye daftari za wanunuzi wa ardhi za kila wilaya aliyokaa. Hayumo. Sensa ina safu ya kuandika thamani ya ardhi ya mtu, na yake imeachwa tupu tangu ujana mpaka uzee. Kila miaka kumi yuko mahali pengine, na kila mara anayeandikwa jirani yake ni mwenye shamba kubwa. Mwalimu anayejua kazi husoma majirani pia, si jina moja tu, na majirani walinieleza yote. Babu yako alilima ardhi ya watu. Likiuzwa shamba, alihama.

Alikuwa skwota.

Nilicheka peke yangu pale maktabani mpaka mlinzi akanisogelea kuuliza kama niko salama. Nikamwambia nimekutana na mtu wa nyumbani.

Usifikiri kwamba nimekusamehe kwa ajili yake. Baba yako hakumhitaji Hezekia yeyote ili alime Kitale ardhi ya waliofukuzwa. Alikuja mwenyewe na miguu yake, na hilo halifutwi na umaskini wa babu. Wala usifikiri nakuonea huruma. Miaka yote ile ulikaa chini ya hati ya tajiri ukiona haya kwa mikono yako yenye grisi, na mbele yako alikuwa ameketi mwanamke ambaye angekuambia bila malipo kwamba kutokuwa na hati si kutokuwa na ukoo. Hukuuliza. Ulikuwa unaongea.

Lakini mimi ni mtu wa ushahidi, na upo ushahidi mmoja ulio upande wako. Nisipouandika nitakuwa mwongo kama fremu yako.

Siku tulipomzika Kariuki, mvua ilikuwa ya Birmingham, ile isiyonyesha wala kukoma. Unajua watu wetu hawakubali tingatinga limfukie mtu wao. Wanaume hushika sepetu wenyewe mpaka kilima kisimame. Vijana walianza kwa nguvu, wakachoka, wakapokezana, wengine wakarudi kwenye magari wapate joto. Wewe ulivua koti ukampa Danieli alishike. Ulishika sepetu na hukuiachia. Kijana mmoja akakuambia, "Mzee, leta nikusaidie." Ukamwambia, "Huyu ni mkwe wangu," ukaendelea. Wanawake walikuwa wamefika mbali katika wimbo, nami sikuwa ninaimba, nilikuwa ninakutazama. Ulipomaliza uliusawazisha udongo kwa viganja, taratibu, kama mtu anayefunika mbegu, na matope yakakupanda mpaka viwikoni.

Katika miaka yote uliyotusimulia habari za ardhi, hiyo ndiyo ardhi pekee niliyokuona ukiishika.

Basi huyo ndiye babu ninayeweza kumthibitisha. Wa Virginia si wenu. Wa Ohio ni wenu, ila hakuna aliye hai anayemkumbuka. Fundi wa mashine wa Tyseley nilimwona kwa macho yangu akimfukia mume wangu, na nitamwambia mjukuu wangu hivyo, na atajivunia, nakuhakikishia, hata kama itanilazimu nimfundishe kwa fimbo. Bado sikupendi. Nitaliita jina lako kila asubuhi nikimwogesha, na huenda miaka mingi ikapita kabla halijaacha kunikwaruza koo. Hilo ni langu, niachie.

Wenye mamlaka hapa wametupa wiki sita za kumwandikisha mtoto, na wiki sita zinaisha. Jarida hili linatoka leo, na miadi ya Danieli kwa karani wa usajili ni kesho saa nne asubuhi. Hatakwenda na jina ambalo baba yake amelikana. Nimeshamjaribu. Ni mkaidi, na wala siulizi ameutoa wapi ukaidi huo.

Kaa salama huko uliko, na uishushe ile fremu.

Leo, kabla hujaketi kula, mpigie simu mwanao umwambie hivi: mwandikishe Walter.

Mimi mkwe wako,
Mama Wanjiru